Sarafu za fedha za kumbukumbu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaoanza kukusanya

Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi na watu wa Dar, Mombasa, Unguja na ndugu zetu walio nje, tangu walipojua nakusanya sarafu hizi za metali ya fedha (silver). Wengi huanza na "ina thamani gani?" Swali hilo limejibiwa pia, lakini liko mbali kidogo. Kwangu la kwanza ni hili: sarafu hii ilichapwa kwa ajili ya nani? Ukilijua hilo, mengi ya sarafu yanafunguka yenyewe: mbona haipatikani hapa, mbona picha yake ni ile, na mbona bei yake iko ilivyo.

Sarafu ya kumbukumbu ni ipi hasa?

Ni sarafu inayotolewa na nchi kwa jina lake, ikiwa na thamani iliyoandikwa juu yake, ila picha na maandishi yake yanaadhimisha jambo maalumu: uhuru, mtu, mashindano, ziara, mnyama, taasisi. Ziko zinazoingia sokoni na kupita mikononi mwa watu wote. Kenya ilitoa shilingi 40 mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, yenye picha ya Rais Kibaki na rangi mbili za metali. Wengi walipewa chenji wakaziweka. Hizo hazina fedha ndani yake.

Za fedha karibu zote ni za kundi la pili. Zinatoka kiwandani zikiwa ndani ya kasha, mara nyingi na cheti, na hakuna aliyetarajia zifike kaunta ya duka. Ni pesa halali kwa sheria, lakini ukiilipia nauli ya daladala umejidhulumu. Chukua shilingi 50 ya Tanzania ya mwaka 1974 yenye picha ya faru. Ile ya prufu, yaani iliyochapwa kwa uangalifu wa pekee kwa ajili ya wakusanyaji (nitaieleza mbele), ina uzito wa gramu 35 kwa fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha safi, maana yake fedha safi iliyomo inazidi gramu 32, zaidi ya wakia nzima ya sonara, ambayo ni gramu 31.1. Shilingi 50 ya leo hainunui hata andazi.

Hizo sarafu za wanyama za 1974 zilitokea vipi?

Mfuko wa kimataifa wa kuhifadhi wanyamapori, WWF, na muungano wa uhifadhi, IUCN, walikubaliana na serikali za nchi nyingi zitoe sarafu za wanyama walio hatarini au wanaotambulisha nchi hizo. Kiwanda cha Royal Mint cha Uingereza kikazichapa, na sehemu ya mapato ikaenda kwenye uhifadhi. Kwa kawaida kila nchi ilitoa sarafu tatu: mbili za fedha na moja ya dhahabu. Tanzania ilitoa shilingi 25 yenye twiga, shilingi 50 yenye faru mweusi, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Upande wa pili yupo Mwalimu Nyerere.

Majirani walifuata. Zaire, Kongo ya leo, mwaka 1975 ilitoa zaire mbili na nusu yenye sokwe wa milimani na zaire 5 yenye okapi, mnyama ambaye kwa asili haishi porini popote duniani isipokuwa Kongo. Oman ikatoa riali mbili na nusu yenye simbamangu, na riali 5 yenye choroa mweupe wa Arabuni.

Hapa ndipo ninapowaomba watu wasimame kidogo. Sarafu ya Oman ni ya mwaka 1976. Choroa wa porini wa mwisho alikuwa ameshatoweka mwaka 1972. Yaani ilipochapwa, mnyama aliye juu yake alikuwa amebaki kwenye mabustani ya wanyama na mazizi ya watu tu. Alirudishwa jangwani, eneo la Jiddat al-Harasis, mwaka 1982. Faru wetu alipita njia nyingine: mwaka 1970 Afrika ilikadiriwa kuwa na faru weusi wapatao 65,000, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 walikuwa chini ya 2,500. Sarafu ya shilingi 50 imekaa katikati ya anguko hilo. Aliyeichora alichora mnyama ambaye wakati huo alikuwa akiuawa kwa ajili ya pembe, na waliotoa sarafu walijua hivyo, ndiyo maana waliitoa.

Nimeona shilingi 25 ya twiga nyepesi kuliko ilivyoandikwa kwenye katalogi, kitabu cha orodha ya sarafu. Ni bandia?

Huenda si bandia. Sarafu hizi zilitoka kwa aina mbili. Ya prufu ni fedha ya 925: gramu 28.28 kwa shilingi 25 na gramu 35 kwa shilingi 50. Ya kawaida ni fedha ya 500, yaani nusu fedha na nusu metali nyingine, nayo ni nyepesi: karibu gramu 25 na karibu gramu 32. Wauzaji wengine huuza ya nusu fedha kwa bei ya 925, wengine kwa kutojua, wengine kwa kujua. Ipime kwanza kabla ya kulipa. Mizani ndogo ya dijitali ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu haina bei kubwa, nami naiona ni chombo cha kwanza kununua, hata kabla ya sarafu yenyewe.

Kama ni sarafu za Tanzania, kwa nini sizioni Tanzania?

Kwa sababu hazikuchapwa kwa ajili yetu. Wateja waliolengwa walikuwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, waliozinunua kwa pesa za kigeni. Nyingi zilitoka kiwandani moja kwa moja kwenda kwa wanunuzi huko, hazikupita hapa kabisa. Watu wengine hulichukia jambo hili. Mimi naliona kama sehemu ya historia ya sarafu yenyewe: nchi changa ilikuwa inahitaji pesa za kigeni, shirika la uhifadhi lilikuwa linahitaji michango, na mnunuzi wa mbali alikuwa anataka twiga. Zilizorudi nyumbani zilirudi kwa mikono ya watu binafsi, na kila moja inayorudi naifurahia.

Uganda nayo ina za fedha? Nimesikia kuna za Papa.

Ndiyo, na ni katika sarafu nzito kwa maana zilizowahi kutolewa Afrika Mashariki. Papa Paulo VI alifika Uganda tarehe 31 Julai 1969, papa wa kwanza wa zama hizi kukanyaga bara la Afrika. Miaka mitano nyuma, Oktoba 1964, ndiye aliyewatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, kisha akaja mwenyewe hadi Namugongo. Uganda ikatoa mfululizo wa sarafu za fedha: shilingi 2, 5, 10, 20, 25 na 30, pamoja na za dhahabu za shilingi 50, 100, 500 na 1,000. Za fedha ni fedha safi kabisa, ya 999, na kila thamani inavyopanda ndivyo sarafu inavyonenepa.

Waumini wengi wangeipenda sarafu hii kuliko wakusanyaji. Kama mzee wako ana moja aliyopewa au kununua mwaka ule, muulize alikuwa wapi siku Papa alipofika, uandike, uiweke karatasi hiyo pamoja na sarafu.

Nianze na ipi? Sina pesa nyingi.

Anza na Olimpiki. Najua utashangaa, kwa kuwa ni sarafu za Mexico na Ujerumani, lakini nisikilize.

Mexico ilitoa peso 25 za fedha kwa Michezo ya 1968: gramu 22.5, fedha ya 720, picha ya mchezaji wa mpira wa kale wa Waazteki. Zilichapwa mamilioni, zikaenea dunia nzima, kwa hiyo bei yake huwa haiachani sana na bei ya fedha iliyomo. Na michezo ile ni yetu. Naftali Temu aliipa Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwenye mita 10,000. Kipchoge Keino akachukua mita 1,500. Na kwenye marathoni, John Stephen Akhwari wa Tanzania aliumia goti, akafungwa bandeji, akaingia uwanjani gizani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, akamaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alisema nchi yake haikumtuma aanze mbio, ilimtuma azimalize. Nikiishika peso 25 namwona Akhwari, ingawa hayumo kwenye picha.

Halafu Munich 1972. Ujerumani Magharibi ilitoa marki 10 za fedha, gramu 15.5, fedha ya 625. Miundo ni sita, na kila muundo ulichapwa kwenye viwanda vinne vinavyotambuliwa kwa herufi ndogo: D ni Munich, F ni Stuttgart, G ni Karlsruhe, J ni Hamburg. Ukizitaka zote unatafuta sarafu 24, na hakuna hata moja itakayokufilisi. Muundo wa kwanza uliandikwa kwa Kijerumani kwamba michezo iko Ujerumani. Ujerumani Mashariki ikapinga: Olimpiki hupewa mji, haipewi nchi. Ikabidi maandishi yabadilishwe yasome Munich. Ugomvi wote wa Ujerumani mbili umo kwenye neno moja la ukingoni. Na Munich ndiko John Akii-Bua alikoipa Uganda dhahabu yake ya kwanza, mita 400 kuruka viunzi, sekunde 47.82, rekodi ya dunia.

Ukishazishika hizi mikononi utakuwa umejifunza uzito, mlio, rangi na uchakavu wa fedha kwa gharama ndogo. Ndipo uende kwa faru na okapi.

Nitajuaje kama ni fedha kweli?

Jibu ni refu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoibiwa.

Sumaku haitoshi. Fedha haivutwi na sumaku, kweli, lakini mchanganyiko wa shaba na nikeli unaotumika kwenye sarafu nyingi kubwa nao hauvutwi. Sumaku itakukamatia chuma tu.

Uzito na upana navyo peke yake havitoshi. Mfano mzuri ni sarafu ya Uingereza ya harusi ya Charles na Diana ya 1981, ambayo imejaa kwenye makabati ya watu hapa kwetu. Wengi wanaamini ni fedha. Ilitolewa ya fedha kweli kwa ajili ya wakusanyaji, ikiwa kwenye kasha lake, lakini iliyoenea kwa mamilioni ni ya shaba na nikeli. Zote mbili zina gramu 28.28 na upana wa milimita 38.61. Mizani peke yake haitakwambia kitu. Ile ya Churchill ya 1965 nayo ni hivyo hivyo: kubwa, nzito, inang'aa, na haina fedha.

Kipimo kinachoamua ni cha maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, uirudishe mizani kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, uizamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Nambari inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kavu kwa nambari hiyo. Fedha ya 925 inakupa takriban 10.3. Shaba na nikeli inakupa takriban 8.9. Nusu fedha inaangukia karibu na 9.7. Kwa sarafu ya gramu 28.28, fedha ya 925 itasoma takriban gramu 2.7 na shaba na nikeli takriban 3.2, tofauti hiyo mizani nzuri inaiona bila shida. Ya prufu usiizamishe kamwe, maji yataiachia madoa. Hiyo ipeleke kwa sonara mwenye mashine ya kusoma metali, na umwambie mapema kwamba hutaki isuguliwe kwenye jiwe wala kutiwa tindikali.

Prufu ni nini?

Ni namna ya kuchapa. Chuma cha chapa husuguliwa mpaka king'ae, kipande cha fedha nacho huandaliwa, kisha sarafu hupigwa zaidi ya mara moja. Matokeo yake mara nyingi ni uwanja unaong'aa kama kioo na picha iliyofifia kidogo juu yake. Prufu haimaanishi hali nzuri. Prufu iliyoshikwa kwa vidole bado ni prufu, ila imeharibika, na itauzwa kama iliyoharibika.

Nimekuta riale ya Maria Theresa ya 1780 kwenye sanduku la bibi. Tumetajirika?

Hapana, lakini usiiuze.

Maria Theresa, malkia wa Austria, alifariki mwaka 1780, na tangu hapo riale yake imeendelea kuchapwa ikiwa na mwaka ule ule. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Arabuni na pwani yetu waliizoea na kuikataa nyingine, hivyo viwanda vya Vienna, Roma, London, Brussels, Bombay na kwingine viliichapa kwa nyakati tofauti. Ina gramu 28.07 kwa fedha ya 833. Chini ya kifua cha malkia pana herufi S.F., na ukingoni maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA. Ukingo ukiwa mtupu au una mistari tu kama ya shilingi, ni bandia.

Kwa ukali wa maneno siyo sarafu ya kumbukumbu, ni pesa ya biashara. Ila kwa nyumba nyingi za pwani ndiyo fedha ya kwanza kuingia sandukuni, na mara nyingi iko pamoja na wenzake: rupia za Wajerumani zenye Kaiser Wilhelm II aliyevaa kofia ya tai, gramu 11.66 za fedha ya 917, na shilingi ya simba ya Afrika Mashariki. Hiyo ya simba, zilizochapwa kati ya 1921 na 1946 zina robo tu ya fedha. Kuanzia 1948 hazina kabisa. Ukikuta riale ya Sultani Barghash wa Zanzibar ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, hapo simama, usimwonyeshe dalali yeyote, tafuta mtu anayejua. Hiyo ni adimu kweli.

Riale nyingi za pwani zimetobolewa ili zivaliwe. Mkusanyaji wa Ulaya ataishusha bei kwa ajili ya tundu hilo. Mimi ningeipandisha, kwa kuwa tundu linaonyesha ilikaa shingoni mwa mtu wa hapa.

Nisafishe vipi ili ing'ae?

Usisafishe.

Najua majivu yanang'arisha sufuria, dawa ya meno inang'arisha bangili, na ndimu inatoa weusi. Vyote vitatu vinakwangua au kula uso wa sarafu, na hakuna fundi duniani atakayeurudisha. Weusi wa fedha unatokana na gesi zenye salfa kwenye hewa. Ukiwa umetulia na kusambaa sawasawa, wakusanyaji wengi wanaulipia zaidi. Kitu pekee ninachokikubali ni kuondoa utando wa kijani unaonata, unaoachwa na plastiki laini, kwa kuizamisha sarafu kwenye asetoni safi ya duka la kemikali, bila kusugua, mbali na moto na dirisha likiwa wazi. Ile ya kuondolea rangi ya kucha ina manukato na mafuta, haifai.

Naishi pwani, chumvi na joto. Nizihifadhi vipi?

Kila moja kwenye kapsuli yake ngumu ya mviringo inayolingana na upana wake. Epuka vifuko vya plastiki laini yenye harufu, ndivyo vinavyotoa ule utando wa kijani. Epuka mipira ya kufungia, magazeti na vitambaa vya sufu, maana vyote vina salfa. Usiweke kwenye chumba cha jiko la mafuta ya taa. Kisha tia kwenye bati lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye makasha ya viatu, uvibadilishe kila mvua zikianza. Shika kwa ukingo, mikono ikiwa mikavu, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa laini.

Bei inapangwa na nini?

Ngazi ya chini ni fedha iliyomo. Zidisha uzito kwa usafi, gawanya kwa 31.1, upate wakia, kisha zidisha kwa bei ya siku. Marki 10 ya Munich ina wakia 0.31, peso 25 ya Mexico 0.52, sarafu ya gramu 28.28 ya fedha ya 925 ina 0.84. Chini ya hapo muuzaji hauzi, labda awe hajui au awe na haraka.

Juu ya hapo ni uadimu, hali, na wangapi wanaitafuta. Idadi iliyochapwa iliyoandikwa kwenye katalogi usiiamini peke yake. Januari 1980 bei ya fedha ilikaribia dola 50 kwa wakia, kutoka takriban dola 6 mwaka mmoja nyuma, na sarafu nyingi za kumbukumbu ziliyeyushwa. Bei iliporomoka Machi mwaka ule ule, lakini zilizoyeyushwa hazikurudi. Kwa hiyo sarafu iliyochapwa nyingi inaweza kuwa imebaki chache.

Ushauri wangu kuhusu bei ni mmoja: usinunue sarafu za kumbukumbu ukitegemea faida. Anayetaka fedha kama akiba na anunue vipande vya fedha vya wakia moja, ambavyo bei yake iko karibu na ya metali. Kwenye sarafu za kumbukumbu umelipia pia uchoraji, kasha na cheti, na siku ya kuuza huenda asitokee wa kukurudishia hicho.

Sarafu za katuni na filamu zenye jina la kisiwa nisichokijua, ni za kweli?

Ni za kweli kisheria. Niue, kisiwa kidogo cha Pasifiki, kimetoa nyingi za namna hiyo. Jina na thamani ni vya kisiwa, biashara ni ya kiwanda. Kongo nayo, kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, ilitoa sarafu nyingi za faranga 10 zenye mada zisizoihusu Kongo hata kidogo. Mtoto akizipenda mnunulie, anaweza kuwa mkusanyaji mzuri baadaye. Mimi binafsi sizitafuti. Zinaadhimisha kitu ambacho nchi iliyoandikwa juu yake haikukiishi.

Tofautisha hizo na sarafu kama za Rwanda za wakia moja, faranga 50, zilizoanza na sokwe mwaka 2008. Nazo zimechapwa nje na kuuzwa nje, lakini sokwe na Rwanda wanahusiana, na pesa za watalii wanaokuja kumwona ni jambo la kweli katika maisha ya watu wa kule.

Kwa nini za zamani zina marais na za sasa zina wanyama?

Kwa Kenya jibu limo kwenye katiba. Mwaka 1966 ilitoa sarafu za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500 kwa miaka 75 ya kuzaliwa kwa Mzee Kenyatta, na kwa miongo iliyofuata kila rais alikaa kwenye pesa. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Desemba 2018 zikaja sarafu mpya za kawaida: twiga kwenye shilingi 1, faru kwenye 5, simba kwenye 10, tembo kwenye 20. Ukiziweka kando ya sarafu za fedha za miaka ya 1970 utaona twiga na faru wale wale wamehama kutoka kasha la mkusanyaji wa mbali wakaingia mfukoni mwa mama mboga. Nayaona ni mabadiliko makubwa, nami ninaziweka sarafu hizo za 2018 kwenye albamu moja na za fedha bila kuona aibu ya metali.

Kuna watu wanauza sarafu za kale kutoka Kilwa na magofu mengine. Ninunue?

Hapana. Zile ni mali ya kale, zinalindwa na sheria, na kila inayochimbwa kwa siri inapoteza habari ya mahali ilipolala, ambayo ndiyo waliosomea historia ya pwani wanaihitaji. Ukikuta moja kwa bahati, peleka taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale au makumbusho ya taifa.

Ninunue wapi basi?

Kwenye maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe na Mombasa utakuta riale, rupia na shilingi za simba, pamoja na bandia zake. Nenda na mizani. Za 1974 na 1969 mara nyingi utazipata kwenye minada ya mtandaoni ya Ulaya na Marekani. Kama una ndugu huko, afadhali sarafu ifike kwake kwanza, aipime, akupigie picha pande zote na ukingo, ndipo isafiri. Picha moja ya mbele tu haitoshi kulipia. Uliza ushuru kabla ya kuagiza, maana thamani iliyoandikwa kwenye sarafu na bei uliyolipa ni vitu viwili na mtu wa forodha ataangalia risiti.

Niandike nini kuhusu kila sarafu?

Nchi, mwaka, thamani, uzito ulioupima mwenyewe, usafi, nambari ya katalogi, ulikoipata, bei na tarehe. Kisha ongeza mstari wa habari ya picha: huyu ni nani, alifanya nini, kwa nini yuko hapa. Weka nakala ya daftari mahali pengine na umwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani. Mirathi mingi ya sarafu imeishia kwa sonara kwa bei ya kuyeyusha kwa sababu hakuna aliyejua ndani ya bati kuna nini, na okapi wa Kongo akiyeyushwa anakuwa gramu tu.